Hodi, Karani! Simu Inapokatizwa na Inapozimika Ghafla

Kama uko jikoni unamenya ndizi, endelea kumenya. Mazungumzo ya leo hayataki mikono, yanataka sikio tu.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Jioni moja pale senta ya Nyakasimbi, huku kwetu Kagera, nilikuwa kwenye foleni ya wakala wa pesa. Mbele yangu alisimama mama mmoja, kanga begani, anamtumia mwanawe hela ya matumizi ya shule. Wakala kabonyeza namba, kabonyeza kiasi, kaweka namba ya siri. Mara simu ikaganda. Kioo kikawa cheusi tii. Baada ya muda ikaanza kujiwasha yenyewe, taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini bila kupenda. Yule mama akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hela yangu imekwenda au imebaki?"

Wakala hakujibu. Alikuwa anaitazama ile simu kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Leo tulifanyie kazi swali la yule mama. Imekwenda au imebaki? Kifaa kinapokatizwa katikati ya kazi, au kinapozimika ghafla, nani anayezuia mambo yasiharibike?

Ndani ya kila simu janja na kila kompyuta kuna programu moja iliyo juu ya nyingine zote. Wataalamu wanaiita kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Hiyo ndiyo inayogawa muda wa prosesa, ndiyo inayolinda memori, ndiyo inayoongea na betri, kioo na laini. Simu nyingi tunazotembea nazo ni za Android, na kerneli ya Android ni Linux, ile iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kwa hiyo Linux haiko mbali nasi. Iko mfukoni mwako, labda pamoja na funguo na pipi za mtoto.

Sasa nipe dakika moja nikupeleke mahali unapopajua. Ni msimu wa kahawa, uko kwenye chama cha msingi. Karani ni mmoja, mzani ni mmoja, magunia ya kahawa ya maganda yamepangwa mpaka barabarani. Karani anapima, anaandika. Katikati ya kupima, mtu anapiga hodi: "Karani, lori limefika!" Karani mzuri anafanyaje? Hatupi gunia chini akakimbilia lori. Wala hajifanyi kiziwi. Anaandika kwanza namba aliyoisoma kwenye mzani, anaweka kalamu juu ya mstari aliofikia, ndipo anainua kichwa: "Nimesikia, mwambie dereva aegeshe pale." Kisha macho yanarudi kwenye mstari uleule.

Hivyo ndivyo kerneli inavyoishi. Kila unapogusa kioo, ni hodi. Mnara ukileta simu ya mtu, hodi. Hata saa ya ndani nayo ina hodi yake, na kwenye mashine nyingi hiyo hubisha kati ya mara 100 na mara 1000 kwa sekunde moja. Vitabu vinaliita jambo hili katizo. Mimi, kwa ruhusa yako, nitaendelea kuliita hodi, maana ndivyo lilivyo. Hodi inapobishwa, prosesa inaandika pale ilipofikia, inakwenda kumsikiliza mgeni, kisha inarudi palepale. Programu iliyokatizwa haijui hata kwamba ilikatizwa.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: hodi ijibiwe kwa ufupi. Narudia, kwa ufupi! Waandishi wa kerneli huigawa kazi ya mgeni mara mbili. Kuna nusu ya mlangoni na nusu ya ndani. Mlangoni unapokea mzigo tu, unauweka pembeni, unaandika jina. Kuufungua, kuhesabu na kupanga, hayo yanafanyika baadaye, wakati mlango haujazibwa. Ni kama nesi wa dirishani kwenye zahanati: anachukua kadi yako, anaiweka kwenye mafungu. Hakutibu pale dirishani.

Tena mjibu hodi haruhusiwi kulala. Unajua kwa nini? Kwa sababu muda anaoutumia si wake, ameuazima kwa programu iliyokuwa inaendelea na kazi yake. Jina lake halipo kwenye orodha ya zamu. Akisinzia, hakuna atakayemwamsha, maana hakuna anayejua kwamba yupo.

Kanuni ya pili ndiyo inayowatoa jasho mafundi. Sikiliza taratibu. Karani anao ufunguo mmoja wa sanduku la fedha. Ameushika, amefungua sanduku, anahesabu. Hodi inabishwa, na kuijibu hodi hiyo kunahitaji sanduku lilelile. Utaratibu wa ofisi unasema: sanduku likiwa na mtu, subiri amalize. Anayelishikilia ni nani? Ni karani mwenyewe! Basi karani huyu mmoja, akiwa mjibu hodi, amesimama anamsubiri karani anayehesabu amalize. Na karani anayehesabu hawezi kumaliza, kwa sababu amekatizwa na mjibu hodi. Anajisubiri mwenyewe. Atasubiri mpaka lini? Mpaka jua lizame na lichomoze tena. Simu yako ikiganda kabisa, kioo kinawaka lakini hakisikii kidole, huenda kuna karani ndani anajisubiri.

Dawa yake wakala wetu wa Nyakasimbi anaijua bila kusomea. Akitaka kuhesabu noti anavuta kidirisha. "Subiri kidogo, nahesabu." Akimaliza, anakifungua. Kerneli nayo kabla ya kushika ufunguo ambao mjibu hodi anaweza kuuhitaji, inazuia hodi kwenye prosesa ile, inafanya kazi yake chapchap, inaachia ufunguo, inafungua mlango. Neno zito hapo ni chapchap. Ukifunga dirisha ukaenda kunywa chai, wageni watajazana, na wengine wataondoka na mizigo yao usiyoipata tena.

Lakini ziko hodi ambazo hazizuiliki. Wana-Kagera hili hatuhitaji kufundishwa. Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu mchana hivi, ardhi ilipotikisika kwa ukubwa wa 5.9, hakuna aliyeiambia "subiri nimalize kuhesabu". Prosesa nayo ina mlango mmoja wa namna hiyo, ambao hata hodi zote zikizuiwa wenyewe unabaki wazi. Unatumiwa memori inapoharibika, au pale mlinzi wa ndani anapogundua kwamba prosesa imeshikwa na jambo moja muda mrefu mno. Linux ina mlinzi wa aina hiyo. Kwa kawaida, prosesa ikikaa kama sekunde 10 ndani ya kerneli bila kuruhusu hodi nyingine kujibiwa, mlinzi anapiga yowe.

Tumesema hodi ijibiwe kwa ufupi. Tumesema usijisubiri mwenyewe. Je, hodi zikizidi uwezo?

Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikiwa kinashuka mwezini, kompyuta yake ilianza kutoa tahadhari: 1202, tena 1202, kisha 1201. Rada moja ambayo haikuhitajika wakati ule ilikuwa inabisha mfululizo, inakula muda wa kompyuta. Kazi zikajaa mpaka pa kuziweka pakakosekana. Kompyuta ikafanya nini? Ikajianzisha upya, pale pale juu ya mwezi, katikati ya kushuka! Lakini ilikuwa imetayarishwa. J. Halcombe Laning alikuwa amebuni mpangilio wa kazi kwa umuhimu, na waandishi wa programu zile, kundi lililoongozwa na Margaret Hamilton, walihakikisha kwamba ikianza upya inaokota kazi za lazima na kuziacha za ziada. Injini haikuzimika, usukani haukupotea. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema mashine inayojiwasha upya ni mbovu. Niambie kwanza ilianza upya wapi, na iliokota nini.

Sasa tufike kwenye kosa lenyewe. Programu ya kawaida ikikosea, kwa mfano ile ya picha au ya muziki, kerneli inaifunga na maisha yanaendelea. Kosa likitokea ndani ya kerneli yenyewe, lakini ikiwa inafanya kazi kwa niaba ya programu fulani, Linux mara nyingi huiua programu ile, huandika maelezo ya kosa, huchechemea mbele. Na kosa likitokea wakati wa kujibu hodi? Hapo umuue nani? Programu iliyokuwa inaendelea haina hatia, ilikatizwa tu njiani. Mjibu hodi naye hana jina kwenye orodha, huwezi kumfukuza asiyeajiriwa. Hakuna wa kumtoa. Kerneli inasimamisha kila kitu. Ndani ya msimbo wa Linux upo ujumbe wa mahali hapo hasa, unaoanza na sauti ya kilio: "Aiee!" Sikutanii. Mzungu wa Finland na wenzake, lakini kilio hicho bibi yangu angekielewa bila mkalimani.

Kusimama huko watu wa kompyuta wanakuita taharuki. Mimi jina hilo silipendi. Mwenye taharuki anakimbia ovyo. Kerneli hapa inafanya kinyume chake: imegundua kwamba haiwezi tena kujiamini, basi inaweka kalamu chini. Karani aliyepigwa na kizunguzungu akaendelea kuandika anaharibu daftari zima la chama. Akiacha kuandika, tumepoteza asubuhi moja tu.

Wapo wanaobisha, na ubishi wao una uzito. Torvalds mwenyewe amewakemea mara nyingi waandishi wanaoizima mashine nzima kwa kila kasoro. Andika onyo, anasema, uendelee. Kwa simu yako ya nyumbani nitasimama naye. Kwa mashine inayotunza fedha za watu wa wilaya mbili, hapana. Ile na isimame.

Umeshawahi kujiuliza mafundi wanajuaje kilichoiua mashine? Aliyekufa haandiki taarifa ya kifo chake. Tangu mwaka 2005 Linux ina njia ambayo mimi naipenda mno. Mashine inapowashwa, kipande cha memori kinatengwa, na ndani yake inalazwa kerneli ya pili. Karani wa akiba. Hafanyi lolote, hagusi chochote, amelala na chakula chake mwenyewe. Karani wa kwanza akianguka, kitu cha mwisho anachofanya ni kumwamsha huyu wa pili. Yeye anatoka kwenye chumba chake safi, anakuta ofisi ilivyo, kalamu ilipoangukia, daftari lilipofunguliwa, ananakili yote kwenye diski, ndipo anawasha mashine upya. Kwa nini asifanye karani wa kwanza? Kwa sababu mikono yake haiaminiki tena. Pengine ufunguo wa diski ameanguka nao, na tumekwisha kuona habari ya mtu kujisubiri mwenyewe. Kwenye vifaa vidogo kama simu pana njia nafuu zaidi, nayo ni kona ya memori ambayo haifutiki simu inapojiwasha upya. Maneno ya mwisho yanaandikwa pale, kama wasia.

Msikilizaji, bado uko nami? Ndizi zimeisha kumenywa?

Twende kwenye umeme, maana huo ndio unaozima mashine zetu kuliko kosa lolote la programu. Wakubwa mnakumbuka, kwa miaka mingi umeme wa kwetu haukutoka gridi ya taifa. Ulitoka Uganda, ukipitia Masaka kuja Kyaka. Ikitokea hitilafu ng'ambo, giza lilikuwa letu. Umeme ukikatika mashine ikiwa inaandika kwenye diski, nusu ya habari imeandikwa, nusu haijaandikwa. Itakuwaje?

Turudi kwa karani wetu. Mtazame anavyofanya na gunia lako. Kabla kahawa haijamwagwa kwenye lundo la chama, anaandika stakabadhi, karatasi ya kaboni chini yake: jina lako, kilo zako. Ndipo gunia linamwagwa. Akifariki katikati ya kumwaga, Mungu apishe mbali, stakabadhi ipo. Na kama stakabadhi haijakamilika, gunia bado liko miguuni pako, halijachanganyika na ya wenzako. Diski za siku hizi zinatunzwa hivyohivyo. Linaandikwa kwanza kusudio kwenye daftari dogo, kisha linafanywa lenyewe. Umeme ukirudi, kerneli inasoma lile daftari. Kusudio lililokamilika inalitimiza. Lililokatika nusu inalitupa, kana kwamba halikuwahi kuwepo.

Hata mita yako ya LUKU ukutani ni mwanafunzi wa shule hii. Umeme ukikatika siku mbili, uniti zako huzikuti palepale? Na ile tokeni ya tarakimu 20 ukiiingiza mara ya pili mita inaikataa, maana imekwisha kuandika kwamba imeshatumika. Mnakumbuka mwaka 2024 TANESCO walipotutaka tuingize makundi matatu ya tarakimu 20, tukanuna, mikono ikauma? Mita za aina hii zinatambua tokeni kwa kuhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Zile tarakimu zilikuwa zinaipa mita daftari jipya kabla la zamani halijafika ukurasa wa mwisho. Uchovu wa vidole, lakini mita isiyofanyiwa hivyo isingepokea tokeni mpya.

Turudi kwenye kosa la ndani ya kerneli: ubaya ukizidi unafananaje? Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma faili la nyongeza kwa programu yake ya ulinzi. Programu ile imeketi ndani kabisa ya kerneli ya Windows. Ikaambiwa isome kisanduku cha 21, na vilivyokuwepo vilikuwa 20. Ikanyoosha mkono penye utupu. Kosa hilohilo kwenye programu ya kawaida lingefunga programu moja. Ndani ya kerneli liliangusha mashine nzima, na ikiwashwa inasoma faili lilelile, inaanguka tena. Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5. Ndege zilisimama, hospitali ziliahirisha kazi, na mafundi walilazimika kwenda kwenye mashine moja moja kulifuta lile faili kwa mkono.

Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu kule Amsterdam, alikuwa amebishana na Torvalds tangu mwaka 1992 kuhusu jambo linalokaribiana na hili. Yeye anataka kerneli iwe ndogo, wageni wote wabaki barazani, mmoja akianguka ainuliwe bila nyumba kutikisika. Watetezi wa Linux wanamjibu kwamba kuingia na kutoka barazani kunachosha na kunapoteza muda. Mimi baada ya Ijumaa ile naona mzee wa Amsterdam alistahili kusikilizwa zaidi.

Kabla sijafunga, kijana mmoja ametuma ujumbe anauliza: kama kerneli imeganda, haisikii hodi yoyote, mbona nikikishikilia kitufe cha kuzimia kwa muda mrefu simu inazima? Swali safi sana. Ukikibonyeza kidogo, unabisha hodi kwa kerneli. Ukikishikilia muda mrefu, kwa simu nyingi, haiulizwi tena. Chipu ndogo inayosimamia umeme inahesabu sekunde yenyewe, zikitimia inakata. Ni kama mpishi anayeepua chungu bila kuuliza waliomo ndani. Kwa hiyo kijana wangu, kitumie pale tu ambapo umesubiri na umeona kweli hakuna anayeitika.

Na yule mama wa senta? Simu ya wakala ni mjumbe tu, anayebeba ombi. Daftari lenyewe liko kwenye mitambo ya kampuni, na kule stakabadhi inaandikwa kwanza. Kwa hiyo hela haiwezi kubaki njiani nusu. Ama imetoka yote, ama haijatoka kabisa. Cha kufanya ni kutazama salio kabla ya kutuma mara ya pili, usije ukatuma mara mbili. Wakala alitazama. Hela ilikuwa haijatoka. Akatuma tena, mama akakataa kuondoka dirishani mpaka mwanawe athibitishe. Wakala akarudi kuhesabu noti zake za jioni. Alikuwa amefika katikati ya bunda simu ya mama ilipolia. "Imefika! Baba, imefika!" Wakala hakuinua kichwa mara moja. Alichukua kalamu, akaandika kiganjani namba aliyofikia, ndipo akamtazama, akacheka: "Nakusikia, mama."